Memori kadi kwenye GPS ya gari: Mambo ya kujua kabla lori halijavuka mpaka

Kifaa cha GPS kilichonunuliwa miaka kumi iliyopita bado kinaweza kuliongoza lori kutoka bandari ya Mombasa au Dar es Salaam hadi Kampala, Kigali, Bujumbura au Lubumbashi. Tatizo huanza pale mwenye lori anapotaka kukiwekea ramani mpya. Kifaa hukataa kwa sababu kumbukumbu yake ya ndani imejaa. Memori kadi ndogo humaliza tatizo hilo kwa gharama iliyo chini sana ya bei ya kifaa kipya.

Hata hivyo, kadi huongeza nafasi tu. Ikinunuliwa ovyo, au ikiwekewa ramani ambayo dereva haifahamu vizuri, inaweza kumtoa lori kwenye njia iliyoandikwa katika hati zake za forodha. Kwa mizigo ya transiti, hasara ya kosa hilo huzidi bei ya kadi mara nyingi.

Makala hii inaeleza kadi ya kununua, ramani ya kuweka, hatua za kufuata, na mambo ambayo kadi haiwezi kuyafanya.

Vifaa vitatu vinavyoitwa GPS

Katika yadi za malori neno "GPS" hutumika kwa vitu vitatu tofauti, na mara nyingi fundi na mteja hawaelewani kwa sababu hiyo.

Cha kwanza ni kifaa cha kuongoza njia. Kina kioo, hubandikwa mbele ya dereva na humwelekeza kwa picha na sauti. Garmin na TomTom ndizo chapa zinazojulikana zaidi. Hiki ndicho kinachotumia memori kadi.

Cha pili ni kisanduku cha kufuatilia gari. Hufichwa ndani ya gari, kina laini ya simu, na humtumia mwenye gari taarifa za mahali lilipo.

Cha tatu ni lakiri ya kielektroniki inayofungwa kwenye kontena au tela na mamlaka za mapato. Tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikitumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo ya transiti, unaofahamika kwa kifupi RECTS. Tanzania nayo ina mfumo wake wa lakiri za aina hiyo.

Kifaa cha kuongoza njia hakihitaji laini ya simu wala intaneti ili kujua mahali kilipo. Hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, na huduma hiyo hailipiwi. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi yanayotumiwa na raia, kifaa cha kawaida huweza kuonyesha mahali gari lilipo kwa tofauti ya mita chache tu. Kwa hiyo kifaa kikimpoteza dereva, mara nyingi si kwa sababu hakijui gari lilipo. Ni kwa sababu ramani iliyomo haifanani na barabara iliyopo.

Kwa nini nafasi huisha

Vifaa vingi vya zamani vilitoka kiwandani vikiwa na kumbukumbu ya ndani ya GB 2, 4 au 8. Nafasi hiyo hugawanywa kati ya programu ya kifaa, sauti za lugha mbalimbali, picha, na ramani. Kila toleo jipya la ramani huja na barabara nyingi zaidi, majina mengi zaidi na vituo vingi zaidi kuliko toleo lililotangulia. Kifaa ambacho ramani ya kwanza ilikitosha huishia kukosa nafasi ya ramani ya tatu au ya nne.

Mwenye gari hapo ana njia tatu. Anaweza kufuta visivyohitajika, kama sauti za lugha ambazo hazitumii. Anaweza kuweka eneo dogo tu la ramani, kwa mfano nchi mbili badala ya kumi. Au anaweza kuongeza memori kadi.

Kwa anayefanya kazi ndani ya nchi moja, njia mbili za kwanza hutosha. Kwa anayevuka mipaka mitatu katika safari moja hazitoshi. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hupita Tanzania, Zambia na Kongo. Ramani inayokatika Tunduma haina faida kwa dereva aliye Nakonde.

Umri wa ramani nao una uzito wake. Ramani iliyotengenezwa kabla ya Julai 2011 haina nchi ya Sudan Kusini. Iliyotengenezwa kabla ya Oktoba 2018 haina daraja jipya la Nile pale Jinja. Iliyotengenezwa kabla ya Mei 2021 itamwambia dereva apande kivuko Kazungula, kati ya Zambia na Botswana, ambako leo kuna daraja. Na iliyotengenezwa kabla ya Juni 2025 itampeleka kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi mkoani Mwanza, ilhali daraja la takriban kilomita 3 limekwisha kufunguliwa hapo na ndilo njia ya kuelekea Geita na Biharamulo.

Kadi ipi inafaa

Kabla ya kwenda dukani, angalia mambo mawili: umbo la tundu la kadi kwenye kifaa, na ukubwa wa mwisho unaokubaliwa. Umbo linaonekana kwa macho. Ukubwa huandikwa kwenye kijitabu cha kifaa au kwenye ukurasa wa mtengenezaji kwa jina kamili la modeli. Si kila GPS ina tundu la kadi, kwa hiyo hakikisha kwanza.

Kwa umbo kuna aina mbili. SD ni ile kubwa, inayokaribia ukubwa wa stempu ya barua. MicroSD ni ndogo kama kucha na ndiyo inayotumika katika vifaa vingi vya karibuni. MicroSD inaweza kutumika kwenye tundu la SD kwa kuiingiza katika adapta yake. SD haiwezi kuingia kwenye tundu la microSD.

Kwa ukubwa kuna makundi matatu yanayowahusu wenye GPS:

- SD ya kawaida: hadi GB 2. Vifaa vya zamani sana husoma hizi peke yake.
- SDHC: zaidi ya GB 2 hadi GB 32. Kundi hili lilianza 2006 na ndilo linalofaa vifaa vingi vilivyomo barabarani.
- SDXC: zaidi ya GB 32 hadi TB 2. Lilianza 2009. Vifaa vya zamani haviisomi, au huisoma kwa matatizo.

Kifaa kipya husoma kadi ya kundi la zamani, lakini kifaa cha zamani hakisomi kadi ya kundi jipya. Kwa hiyo kununua kadi kubwa kupita kiasi si akiba. Kwa ramani za Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kadi ya GB 8 au 16 kwa kawaida hutosha na kubakiza. Tatizo moja la siku hizi ni kwamba kadi ndogo zinapungua madukani. Anayelazimika kununua ya GB 32 bado yuko ndani ya kundi la SDHC.

Aina ya mfumo wa faili nayo ni muhimu. Vifaa vingi husoma kadi iliyofomatiwa kwa FAT32. Kadi za SDXC hutoka kiwandani zikiwa na mfumo wa exFAT, na hiyo ni sababu mojawapo ya GPS ya zamani kuandika kwamba hakuna kadi wakati kadi imo ndani. FAT32 yenyewe ina mpaka wake: haipokei faili moja inayofika GB 4. Ramani kubwa zaidi ya hapo hulazimika kugawanywa kwa maeneo.

Namba iliyozungushiwa herufi C juu ya kadi ni kiwango cha chini cha kasi ya kuandika. C4 ni megabaiti 4 kwa sekunde, na C10 ni megabaiti 10. Kadi yenye kasi hufupisha muda wa kunakili ramani kutoka kwenye kompyuta. Haiongezi usahihi wa GPS wala haifanyi setilaiti zipatikane upesi.

Kadi bandia

Hasara kubwa katika ununuzi wa memori kadi ni kadi zenye ukubwa wa uongo. Kadi huandikwa GB 32 kwa nje, na hata ikichomekwa kwenye kompyuta huonyesha GB 32, kumbe uwezo wake halisi ni GB 4 au chini ya hapo. Kidhibiti cha ndani kimebadilishwa ili kidanganye. Faili za mwanzo huingia salama. Zinazofuata huharibika kimya kimya, na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Kwa dereva, kadi ya namna hiyo hufanya kazi mjini kwake na kuacha sehemu za ramani tupu akiwa mbali.

Kipimo ni rahisi na hakina gharama. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu iitwayo H2testw, na kwenye Linux na Mac kuna F3. Programu hizi huijaza kadi yote kwa data, kisha huisoma tena na kulinganisha. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa moja au zaidi kwa kadi kubwa. Mnunuzi wa kadi kumi kwa ajili ya malori kumi afanye makubaliano na muuzaji kwamba atazipima na kurudisha zitakazofeli, na risiti iandikwe hivyo.

Ramani za kuweka kwenye kadi

Zipo ramani za aina tatu, na kila moja ina masharti yake.

Ya kwanza ni ramani ya mtengenezaji wa kifaa. Hupatikana kwa kupakua au kwa kununua kadi ambayo tayari ina ramani. Tofauti ya kibiashara kati ya njia hizi mbili ni kubwa. Ramani ya kupakua hufungwa kwa namba ya kifaa kimoja, na haifanyi kazi kwenye kifaa kingine. Ramani inayouzwa ndani ya kadi hufungwa kwa kadi yenyewe. Kadi hiyo inaweza kuhamishwa kutoka lori moja hadi jingine lenye kifaa kinacholingana, lakini faili zake zikinakiliwa kwenye kadi nyingine hazitafunguka. Mwenye malori matano yanayopokezana safari za Zambia anaweza kuona faida ya kadi. Mwenye lori moja linalotaka ramani mpya kila mwaka ataona nafuu katika kupakua, kwa sababu kwa kawaida kadi iliyouzwa na ramani haisasishwi.

Ya pili ni ramani ya kampuni za pembeni. Kwa Afrika inayojulikana zaidi ni Tracks4Africa, mradi ulioanzia Afrika Kusini, ambao hutengeneza ramani kutokana na kumbukumbu za safari zilizotumwa na wasafiri wenyewe. Ina sifa ya kuonyesha barabara za vumbi na vijiji ambavyo ramani nyingine huviruka. Huuzwa kwa kupakua na kwa kadi, hasa kwa watumiaji wa Garmin.

Ya tatu ni ramani ya OpenStreetMap, mradi ulioanza Uingereza mwaka 2004 ambapo watu wa kujitolea huchora ramani ya dunia kwa pamoja. Dar es Salaam na Nairobi ni miongoni mwa miji ya Afrika Mashariki iliyochorwa kwa kina kupitia miradi ya wananchi: Map Kibera ilianza 2009 na Ramani Huria ya Dar es Salaam ilianza 2015. Ramani hii haiuzwi, na zipo tovuti zinazoigeuza kuwa faili linalosomwa na Garmin. Ubora wake hutofautiana. Mji mmoja unaweza kuonyeshwa hadi vichochoro, na barabara ya mkoa jirani ikakosa hata jina.

Zile ramani "zinazochomwa" vibandani kwa bei ndogo ni nakala zilizovunjwa kufuli. Mbali na kuwa kinyume cha sheria, nyingi ni matoleo ya zamani yaliyobadilishwa jina. Mnunuzi hana wa kumdai. Kwa kuwa ramani ya bure na halali ipo, hakuna hesabu inayomlazimisha mfanyabiashara kulipia nakala ya wizi.

Hatua za kuweka ramani

Utaratibu ufuatao ni wa vifaa vingi vya Garmin vyenye tundu la kadi:

1. Unganisha kifaa na kompyuta kwa waya wa USB na unakili folda zote za ndani kwenye kompyuta. Hii ndiyo akiba yako endapo jambo litaharibika. Usifute faili lolote la ndani ambalo hulijui.

2. Zima kifaa, kisha chomeka kadi. Sukuma taratibu hadi isikike ikibana. Kadi ya SD ina kiswichi pembeni. Kikiwa upande wa kufunga, kadi haitaandikika.

3. Fomati kadi kwa FAT32 kama haijafomatiwa hivyo. Kufomati hufuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo kadi iliyouzwa na ramani isifomatiwe kamwe.

4. Kwa ramani ya mtengenezaji, fungua programu ya Garmin Express. Ikiona kwamba nafasi ya ndani haitoshi, itapendekeza kutumia kadi. Usichomoe waya hadi ikamilike.

5. Kwa ramani ya OpenStreetMap, tengeneza folda iitwayo Garmin kwenye kadi, na uweke humo faili la ramani lenye jina linaloishia na .img. Vifaa vya zamani hukubali jina moja tu, gmapsupp.img. Vipya hukubali majina tofauti, hivyo ramani za nchi kadhaa zinaweza kukaa pamoja.

6. Washa kifaa, ingia kwenye mipangilio ya ramani, na uhakikishe ramani mpya imewekewa alama. Kama ramani mbili zinaonyesha eneo lilelile, iache moja tu ikiwa na alama. Zikiachwa zote, kifaa kinaweza kuonyesha moja na kuficha nyingine.

7. Jaribu kabla ya safari. Tafuta mji wa mwanzo, mji wa mpakani na mji wa mwisho. Endapo kifaa kitakokotoa njia yote bila kukatika, kazi imekamilika.

Kwa TomTom, ramani hazinakiliwi kwa mkono. Vifaa vyake vipya hutumia programu ya MyDrive Connect, na vya zamani zaidi vilitumia TomTom HOME. Kadi huchomekwa kwenye kifaa, kifaa huunganishwa na kompyuta, kisha programu husimamia kazi. Baadhi ya modeli hutaka kadi ifomatiwe na kifaa chenyewe.

Angalizo la umeme: malori mengi makubwa hutumia volti 24, wakati chaja nyingi za magari madogo ni za volti 12. Soma maandishi kwenye chaja. Iliyoandikwa 12–24V ni salama kwa yote mawili.

Vituo vya kampuni yako ndani ya kadi

Nafasi inayobaki kwenye kadi ina matumizi ambayo wasafirishaji wengi wanaweza kufaidika nayo: orodha ya vituo vyao wenyewe. Kampuni inaweza kuandika mizani, yadi za kulala, sheli ambako ina akaunti, gereji na ofisi za wakala wa forodha, na kuwapa madereva wote orodha hiyohiyo. Kwa njia ya Kaskazini orodha itakuwa na mizani ya Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye. Kwa njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma itakuwa na Vigwaza, Mikese, Mikumi, Makambako na Mpemba.

Garmin ina programu ya bure iitwayo POI Loader kwa kazi hii. Orodha huandikwa kwenye faili la CSV, kila kituo mstari mmoja, kwa mpangilio huu: longitudo, latitudo, jina, maelezo. Programu hutengeneza faili na kuliweka kwenye kadi. Inaweza pia kuwekewa tahadhari, ili kifaa kilie gari linapokaribia kituo.

Makosa matatu hujirudia hapa.

Kosa la kwanza ni kugeuza mpangilio. Watu wengi huandika latitudo kwanza, wakati programu inataka longitudo kwanza. Mombasa iko karibu na longitudo 39.67 na latitudo -4.05. Ukizigeuza, yadi yako ya Mombasa itahamia katikati ya Hispania.

La pili ni kusahau alama ya kutoa. Sehemu zote zilizo kusini mwa ikweta zina latitudo yenye alama hiyo. Ukiandika 4.05 badala ya -4.05, yadi itaonekana kusini mwa Ethiopia. Malaba na Busia zipo kaskazini mwa ikweta na hazina alama. Namanga, Rusumo na Tunduma zipo kusini na zinayo.

La tatu ni kuchanganya dakika na desimali. Nyuzi 4 na dakika 30 ni 4.5, wala si 4.30. Tofauti hiyo ya 0.2 ni umbali wa kilomita 22 hivi.

GPS haijui hati ya forodha

Hapa ndipo msafirishaji wa mipakani anapotofautiana na mwenye gari dogo. GPS hutafuta njia fupi au ya haraka kati ya sehemu mbili. Haijui aina ya mzigo, haijui kituo cha kutokea kilichoandikwa kwenye hati, na haijui njia zilizoidhinishwa kwa mizigo ya transiti.

Mfano ni safari ya Mombasa kwenda Kampala. Baada ya Nakuru kuna njia mbili: kupitia Eldoret hadi Malaba, au kupitia Kericho na Kisumu hadi Busia. Zote hufika Kampala, na kifaa kinaweza kuchagua yoyote kutegemea ramani na mipangilio. Lakini hati ya forodha ina kituo kimoja cha kutokea. Hali ni hiyohiyo kwa mzigo wa Burundi unaotoka Dar es Salaam, ambao unaweza kutokea Kabanga au Manyovu.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, mizigo ya transiti husafirishwa kwa njia zilizoidhinishwa. Lakiri ya kielektroniki huchorewa njia hiyo. Lori likitoka nje yake, ishara huenda kwenye chumba cha ufuatiliaji na maofisa wanaweza kulifuata. Dereva atakayejitetea kwamba "GPS ndiyo iliyonileta" hatakuwa na utetezi, kwa sababu kifaa cha kwenye kioo si sehemu ya hati. Lori litasimama, mzigo utachelewa, na gharama zitamrudia mwenye gari.

Kinga yake ni kutomwachia GPS uamuzi. Badala ya kuandika "Kampala" pekee, dereva aingize vituo vya katikati kwa mpangilio wa hati: Mariakani, Mtito Andei, Nakuru, Eldoret, Malaba, kisha Kampala. Vifaa vingi huruhusu njia ya namna hiyo kuhifadhiwa na kutumika tena. Ofisi ikiiandaa mara moja na kuiweka kwenye kadi za malori yote, dereva mgeni hatahitaji kubahatisha.

Aidha, mipangilio ya kifaa iwekwe "njia ya haraka" badala ya "njia fupi", na chaguo la kuepuka barabara za vumbi liwashwe. Njia fupi inaweza kupita kwenye barabara ya kijiji yenye daraja lisilobeba semitrela. Kifaa cha gari dogo hakijui urefu wa tela wala uzito. Kwa kifaa hicho, lori la tani 56, ambazo ndizo mwisho wa uzito kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni sawa na gari la abiria watano. Vipo vifaa maalumu vya malori vinavyoingiziwa vipimo vya gari, lakini faida yake hutegemea kama ramani ya nchi husika ina taarifa za madaraja na uzito. Mnunuzi aulize hilo kwa kila nchi atakayopita kabla ya kulipa.

Tahadhari nyingine ni upande wa kuendesha. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Baada ya Rusumo, Gatuna, Kobero au Kasumbalesa, dereva afuate alama za barabarani kwanza na sauti ya GPS baadaye, hasa kwenye mizunguko ya barabara.

Kadi haitibu kila ugonjwa

Kadi huongeza nafasi ya kuhifadhi peke yake. Haiongezi kasi ya kichakataji wala kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kifaa cha zamani chenye ramani kubwa kinaweza kuchukua dakika kadhaa kukokotoa njia ya kilomita 1,000. Dawa yake ni kuigawa safari: Dar es Salaam hadi Mbeya, kisha Mbeya hadi Tunduma, na kuendelea.

Kadi pia haiwezi kumlazimisha mtengenezaji aendelee kukihudumia kifaa. Mwaka 2018 TomTom ilitangaza kwamba baadhi ya vifaa vyake vya mwanzo havitapata tena ramani mpya kwa sababu uwezo wake hautoshi. Maneno "ramani za maisha" kwenye boksi humaanisha maisha ya kifaa kama mtengenezaji anavyoyapima, wala si maisha ya mnunuzi.

Vifaa vingine vya zamani huonyesha tarehe isiyo sahihi tangu Aprili 2019, wakati hesabu ya wiki za mfumo wa GPS ilipoanza upya. Tatizo hilo hutibiwa kwa kusasisha programu ya kifaa, kama ipo. Ramani mpya haitalirekebisha.

Simu au GPS?

Leo dereva mwenye simu ya Android anaweza kupakua ramani za nchi nzima kwa programu za bure kama OsmAnd au Organic Maps na kuzitumia bila intaneti. Simu zenye tundu la microSD huruhusu ramani za OsmAnd kukaa kwenye kadi. Google Maps nayo hutoa ramani za kuhifadhi, lakini huisha muda na hutaka kusasishwa.

Simu ina faida ya ramani mpya bila gharama. Hasara zake ni betri, joto la kwenye dashibodi, na simu za watu zinazokatiza maelekezo njiani. GPS ya kwenye kioo hufanya kazi moja na hubaki kwenye lori hata dereva akibadilika. Wasafirishaji wenye malori kadhaa wanaweza kutumia vyote: GPS yenye kadi kwa njia ya kampuni, na simu kwa kuhakiki barabara mpya.

Hesabu ya gharama

Kabla ya kuamua, mwenye lori apige hesabu rahisi. Tuseme semitrela iliyopakia inatumia lita 45 kwa kilomita 100. Ikipotea njia kwa kilomita 40 na kurudi 40, imeteketeza lita 36 bure. Zidisha kwa bei ya dizeli ya siku hiyo, ongeza posho ya dereva na utingo kwa saa zilizopotea, na ongeza gharama ya kontena kwa kila siku inayochelewa kurudishwa. Linganisha jumla hiyo na bei ya kadi halisi na ya ramani. Katika hali nyingi, safari moja iliyookolewa hulipa vyote viwili.

Kabla ya kuwasha injini

- Kadi imepimwa na ukubwa wake ni wa kweli.
- Ramani ina nchi zote za safari na toleo lake linajulikana.
- Njia imewekewa vituo vya katikati vinavyolingana na hati ya forodha.
- Kituo cha mpaka kwenye GPS ndicho kilichoandikwa kwenye hati.
- Nakala ya faili za kadi ipo ofisini.
- Dereva anajua kwamba GPS ikipingana na hati, hati ndiyo inayofuatwa.